Baba Ananishukuru kwa Soda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana kila jioni namuua baba yangu kidogo kidogo na yeye ananishukuru. Mimi ni Khairat, nina miaka thelathini na nne, naishi Ipagala na baba yangu, Mzee Makame, aliyekuwa fundi cherehani mpaka kisukari kilipomzidi, mwaka juzi akakatwa mguu wa kulia. Tuliporudi kutoka hospitali alikataa kula siku mbili, hata kaka yangu Abdulnasiri alipokuja kutoka Singida kumbembeleza hakumjibu, ndipo nikamletea soda baridi na kipande cha halua ili tu nimwone akitabasamu, na kweli alitabasamu, akaniombea dua mpaka nikalia, basi tangu siku hiyo ni kila siku, mimi ndiye naleta, mimi ndiye naficha chupa kaka akija, na kliniki nesi akiuliza mzee anakula nini najibu ugali wa mtama na mboga, huku baba ameinamisha kichwa, na wao wanashangaa sukari haishuki, wameshamwongezea dawa mara mbili kwa ajili ya uongo wangu.

Wiki tatu zilizopita nikimwosha niliona kidonda kwenye kisigino cha mguu uliobaki, nikasema twende hospitali, akanishika mkono. "Mmoja wameshachukua, huu hawaupati," akasema. "Ukiwaambia, usiniite baba tena." Sikumwambia mtu. Nakiosha kwa maji ya chumvi na kukifunga kitambaa, lakini sasa kinanuka, na jana aliponiona nalia akaniomba soda ili tukae tuzungumze, nikaenda nikaleta. Nikisema nampoteza, nikinyamaza nampoteza, nifanye nini?

Khairat, Ipagala

*

Khairat mdogo wangu, pole. Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake gazetini. Nilikupigia siku ile ile nikakuambia umpeleke kabla ya adhuhuri, ukampeleka. Juzi ukanipigia kuniambia kwamba mguu umekatwa, na baba amegeukia ukutani, hasemi na wewe. Ukaniuliza kama ungempeleka mapema mguu ungepona. Sijui. Huenda ungepona. Sitakudanganya, umeshadanganya vya kutosha kwa niaba ya watu wawili.

Umemuuguza mzazi miaka miwili bila wa kukupokea, na hilo nalitambua. Lakini soda ile ilikutuliza wewe kuliko yeye. Hukuweza kustahimili uso wake ukiwa na huzuni, na mtu aliyekatwa mguu ana haki ya kuhuzunika.

Sasa nisikilize. Mwambie daktari kila kitu, soda na halua, tangu lini na kiasi gani, maana dawa zinapangwa kwa maneno yako. Akuambie baba ale nini, na sukari ikishuka ghafla ufanye nini. Mwambie Abdulnasiri pia, usifiche hata chupa moja, na umwombe abaki wiki chache, na wewe upate kulala. Baba mwamkie kila asubuhi hata asipoitikia. Mwekee chakula chake. Akikisukuma, kiondoe taratibu, usikimbilie dukani.

Inawezekana asikusamehe. Wapo wazazi waliokufa wamenuna, na watoto wao hawakuwa na kosa la kuwapeleka hospitali. Lakini siku akigeuka akakuita, usishangae neno la kwanza likiwa soda. Utatamani kukubali kuliko ulivyowahi kutamani. Mwambie hapana, kisha vuta kiti ukae naye.