Hicho Ni cha Upande Gani?

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa ufumaji ametangaza leo. Tunamwita Sentimita, maana tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Jumatatu ijayo kila mtu alete sweta ya vifungo, aliyoibuni na kuifuma mwenyewe. Sita watakaofanya vizuri wanaingia darasa la ubunifu. Waliobaki — darasa la kuendesha mashine, maisha yao yote wafume walichochora wengine. Tuko ishirini na tatu. Nimewatazama mmoja mmoja, na ukiniondoa mimi sioni hata hao watano!

Eti tuandike pia, siku kwa siku, jinsi tunavyokuza ujuzi. Jirani yangu wa dawati, Bi Maua, anatia maua kila mahali. Mpe soksi, maua. Mpe gunia, maua. Naye anakuza ujuzi. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Nafumia kwa mama mdogo. Mashine za chuo zina wenyewe.

Sebule yake ni karaha tupu. Mashine dirishani, makoni ya uzi chini ya kochi, sweta za shule zimerundikwa mpaka juu ya friji. Bluu, bluu, bluu! Miaka kumi na tisa mtu anafuma sweta ile ile, shingo ya V, michirizi miwili mikononi, basi. Mimi ningeshakufa. Ananiachia mashine saa nane mchana, na kila siku ananiuliza kama nimekula. Hana swali jingine.

Alhamisi, 6 Machi

Mgongo tayari. Kipande cha kwanza cha mbele tayari: michirizi ya njano inapanda mshazari kutoka kiunoni hadi begani. Nimekitazama mpaka nikaona haya kujisifu. Nikajisifu.

Nikiwa kwenye cha pili, mama mdogo akapita na beseni la nguo. Akasimama, akauliza: hicho ni cha upande gani, baba? Nikamwambia hii siyo sweta ya shule, mama mdogo, hii ina mchoro, na mimi naufuata. Akasema haya, mwenye macho haambiwi tazama. Akaenda zake kuanika.

Methali! Watu wakiishiwa hoja hukimbilia methali.

Ijumaa, 7 Machi

Mikono yote miwili tayari. Bi Maua anafumua shingo kwa mara ya tatu. Nimemcheka, na sikujificha.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu.

Nimetandaza vipande kitandani niviunganishe. Mgongo, sawa. Mikono, sawa. Mbele kushoto, safi kabisa. Mbele kulia — hakuna mbele kulia! Nimefuma kushoto mara mbili! Makwapa yote mawili yanatazama upande mmoja. Nikakigeuza kimoja. Ndani nje, nyuzi za njano zinaning'inia kama tambi. Nikakigeuza tena, labda kingebadili nia. Wapi!

Nilichora upande mmoja tu. Nikaufuata mara mbili bila kuugeuza. Fundi mkuu!

Nimefikiria kumwambia Sentimita kwamba ndiyo ubunifu wenyewe. Angenicheka na tepu yake. Nimefikiria kuumwa.

Halafu nikakumbuka. Hicho ni cha upande gani, baba? Aliona! Kwa kutupa jicho mara moja, na beseni kiunoni! Kwanza nimemchukia. Si angesema? Halafu nikakumbuka kwamba alisema.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa mama mdogo, vipande vyangu ndani ya mfuko mweusi. Njiani nilitunga maneno, kosa lote likawa la mchoro. Hakuyangoja. Alivitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye kwapa moja, kisha la pili. Hakucheka. Bora angecheka!

Akauliza kama uzi wa njano umebaki. Haujabaki. Basi hiki kifumuliwe, akasema. Alikuwa katikati ya mkono wa sweta ya shule. Akautoa mashinani hivyo hivyo, vitanzi vyote akavishikiza kwa uzi chakavu. Nikamwambia shule zinafunguliwa kesho, watoto wa watu wanazingoja sweta zao. Akasema kaa, baba.

Uzi uliofumuliwa hujikunja, sikujua. Ameulowesha maji ya vuguvugu, ameuanika na kopo la maji likiuvuta chini unyooke. Umekauka saa saba. Muda wote huo alikuwa anamalizia ule mkono wa bluu kwa sindano za mkono, bila kuutazama, akiniuliza kama nimekula. Sijala. Nimesema nimekula.

Sasa nimekaa mashinani. Nimefuma hadi kwapani, na hapa ndipo pa kupunguza vitanzi, kwapa lijikate. Kulia au kushoto? Kwenye mashine kazi inakupa mgongo, kulia kunakuwa kushoto. Nimegeuza mchoro. Nimeuinua kwenye mwanga wa dirisha, nikautazama kwa nyuma. Nimejishika kwapa langu mwenyewe. Sijui. Mwaka wa pili chuoni, nawacheka watu, na sijui! Kumbe hata kile cha kushoto nilibahatisha.

Mama mdogo ameweka sindano chini. Ameniuliza, taratibu, kama vile ndiyo mara ya kwanza: hicho ni cha upande gani, baba?

Nimemwambia subiri kidogo, naandika mambo ya chuo. Amesema haya. Amevuta kiti, amekaa karibu yangu, anasubiri.