Akili ya Papa Ilikuwa Nzima

Mabanga, Goma

Mama yangu mpenzi,

Umeamkaje huko Butembo? Mguu umepungua kuvimba? Unakula kweli, au unamdanganya Kahindo kwamba umeshakula? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni naona bora niyaandike, maana kwenye simu nikisikia sauti yako nalia tu, halafu mtandao unakata na kila mmoja anabaki na kilio chake.

Kahindo, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke kitu, hata kinachoniaibisha.

Mama, unajua nilijaribu kuja kumzika Papa. Nilifika Bunagana ili nipitie Uganda, maana njia ya ndani imefungwa na vita, nikakutwa karatasi yangu ya kusafiria imeisha muda, nikarudi. Siku mnamshusha kaburini nilikuwa nimekalia begi langu kando ya barabara, nalia mbele ya watu nisiowajua. Hilo linauma, lakini linaloninyima usingizi ni neno alilosema baba mdogo mbele ya waombolezaji, kwamba kaka yake alikuwa amerudia utoto, hata dama, mchezo wake wa kete, ilikuwa imemshinda. Naomba siku ya kuondoa kilio barua hii isomwe mbele ya watu walewale. Dama ile niliitengeneza mimi.

Papa Kasereka, mwenzake wa barazani, alipofariki, Papa alibaki na ubao wake na vifuniko vya chupa bila mtu wa kucheza naye. Wewe ndiwe uliyeniambia anakaa mbele ya ubao asubuhi nzima bila kugusa kitu. Nikasema, mimi mwalimu wa informatiki, nitashindwaje kumpatia baba yangu mwenzake wa kucheza?

Sikuifundisha ordinateri, hiyo kompyuta yangu, dama mimi mwenyewe. Ningefundisha nini, wakati pale barazani sisi wasichana tulikuwa wa kuleta chai tu? Niliunda wachezaji mia ndani ya ordinateri. Kila mmoja ana kitu kama ubongo mdogo, nyuzi za hesabu zilizoungana, zinazoamua kete ipi isogee. Mwanzoni walikuwa wajinga kabisa. Nikawapambanisha kwa sheria ya barazani kwetu: anayeshindwa anasimama, anampisha mwingine. Walioshindwa niliwafuta. Walioshinda walizaa, yaani nilinakili ubongo wao na kuubadilisha kidogo, na watoto nao wakapambana. Vizazi kwa vizazi, wiki nyingi, umeme ukikatika naanzia nilipoachia. Nilifurahi sana, Mama. Nilijiona mtu.

Aliyebaki bingwa nikamweka ndani ya telefone. Hapa Mabanga nilimpa kwanza fundi viatu mmoja acheze naye, mzee ambaye mtaa mzima unamwogopa kwenye dama. Alishindwa mara sita, akanirudishia telefone. "Masika, hii kitu haiko mutu," akasema. "Mutu anachokaka, anakosaka. Hii, hapana." Nikacheka, nikaona ananisifu. Nikampa mama Kavugho aipeleke Butembo na biashara zake.

Kuna jambo nililisahau, nami nililiona utoto wangu wote. Papa na papa Kasereka, mmoja akishindwa mara tatu mfululizo, mwenzake alikuwa anamwachia kete wazi makusudi aile, huku akimtukana kwa utani ili asishtuke. Ndivyo walivyodumu pamoja miaka yote ile. Na kati ya wachezaji wangu, aliyeacha kete wazi nilikuwa nimeshamfuta.

Ukanipigia: "Mutoto wangu, papa yako anashindwa kila siku. Akishindwa anasimama, anaacha kiti, anangoja mutu mwingine aikale pale, na hakuna mutu. Anasema akili imemutoka." Nikakujibu aendelee tu, atazoea. Mungu anisamehe. Ningesema siku ileile kwamba hata mabingwa wa hapa inawashinda, haimpi mtu nafasi, Papa angecheka na kuendelea. Lakini niliona aibu. Nilitaka kwanza nirekebishe kimyakimya. Nikatafuta wale wa vizazi vya zamani, wanaokosea kama watu, nikakuta hakuna hata mmoja niliyemweka. Nikaanza upya, safari hii nikichagua yule anayeufanya mchezo uwe mrefu na wa kukaribiana. Nilikuwa bado naihangaikia ulipopiga kusema Papa hayupo.

Nashukuru kwa telefone uliyonirudishia iwe ukumbusho wake. Programu ile inatunza kila mchezo. Nimeipitia yote, mmoja baada ya mwingine, nikipanga vifuniko mezani kama yeye. Wa kwanza alishindwa upesi. Wa pili ukarefuka kidogo, wa tatu zaidi. Kosa alilolifanya leo, kesho halipo. Huyo si mtu aliyerudia utoto, Mama. Huyo ni mtu anayejifunza, na alikuwa peke yake.

Msalimie mjomba aliyechimba kaburi wakati mimi sipo, mwambie sitasahau. Wasalimie mama wakubwa waliolala nawe chini siku zile za kilio. Baba mdogo msalimie pia, sina kinyongo naye; alisema alichoambiwa, na aliyesababisha kisemwe ni mimi. Mjane wa papa Kasereka mshike mkono kwa niaba yangu.

Limebaki moja, mkono umekuwa ukilikwepa tangu nianze kuandika. Kahindo, hapa soma kwa sauti kubwa.

Mchezo wa mwisho haukumalizika. Zamu ilikuwa ya Papa. Sikuelewa nilichokuwa nakiona, nikaupeleka kwa yule fundi viatu, tukaupanga kete kwa kete. Akauangalia muda mrefu, akavua kofia. "Masika, muzee alikuwa anashinda. Anasukuma hii, inakula, anamaliza yote." Nikamwuliza mara mbili, akanionyesha mara mbili.

Papa alizima telefone mchezo ukiwa wake, Mama. Alikuwa ameishinda, na hakujiamini tena kiasi cha kuliona hilo.

Mwanao anayekuomba msamaha,
Masika