Mwanasesere wa Sentimita Sitini

Jumanne jioni

Bado nina hasira. Mama Brayo, jirani yangu hapa Gatwekera, ameingia leo bila hodi, akamkuta mwanasesere wangu mpya ameketi kwa kiti, na akaanza kulia. Kulia! "Aki pole, mami. Mungu hachelewi, atakupatia wako."

Nani alimwambia nataka mtoto?

Wale wanasesere wangu wawili wadogo wamekaa kwa kabati miaka mingi na hakuna mtu aliwahi kuuliza. Huyu nilimchagua mkubwa kwa sababu mimi ni fundi wa nguo. Kwa wale wadogo kifungo ni kama chembe ya sukari, macho yananiuma. Huyu naweza kumshonea koti la ukweli, na akikunja kiwiko, mkono wa koti unakunjika naye. Ni hiyo tu.

Sasa wapangaji wa ploti nzima wananiongelesha polepole kama mgonjwa. Saa kumi Mama Brayo amerudi na shali ya kitinda mimba wake, eti zawadi.

Nilingoja atoke ndio niitupe. Lakini kwanza nikamfunika mwanasesere nayo, nione tu.

Imemtosha. Sijaitupa, na hilo ndilo linanikasirisha kuliko Mama Brayo.