Viraka vya Baba

Jumatatu, 6 Oktoba
Kidonge cha saa mbili kimekaa shavuni mwa Baba mpaka saa nne. Nimekitoa kwa kidole. Uji nusu kanywa yeye, nusu kanga yangu. Pakinsoni, ugonjwa huu wa kutetemeka na kukakamaa, imeshuka kooni. Mtu aliyekata boriti za mikoko deltani miaka yote, leo kumeza ni kazi. Dawa isipoingia anakakamaa kama boriti zenyewe. Naogopa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimesaga kidonge kwenye mchuzi wa kambale. Kaumaliza. Nikajipongeza. Adhuhuri kakakamaa vilevile. Nesi wa zahanati kanicheka: samaki huizuia dawa isiingie mwilini. Niiloweke kwenye maji, nusu saa kabla ya chakula. Na vidonge vingine havisagwi kabisa, niwe nauliza kwanza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Maji yamempalia. Midomo ikageuka rangi. Hospitali, Kibiti. Wamempitisha mpira puani mpaka tumboni, dawa inapita humo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kauchomoa mpira. "Mimi pipa?" Neno lake la kwanza tangu juzi. Daktari kaagiza viraka kutoka Dar. Unabandika kwenye ngozi, dawa inapenya taratibu. Koo halihusiki.

Jumatano, 15 Oktoba
Vimefika. Nesi kaniambia nibandike mkononi, juu kidogo ya kiwiko. Kila asubuhi kipya. Tumerudi nyumbani.

Jumamosi, 18 Oktoba
Siku ya nne. Nafuu hakuna. Kila asubuhi nakuta mkono mtupu. Nikiuliza, Baba anatazama dari. Simwamini.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimefagia uvunguni. Viraka vinne, vimebandikwa kwa ndani kwenye ubao wa kitanda. Ubao hautetemeki hata kidogo.
Nimemkalia mbele. Kasema: "Udhu, mwanangu. Maji hayafiki kwenye ngozi."
Huosha mkono mpaka kupita kiwiko, kwa tahadhari. Kwa hiyo hukibandua kabla ya adhuhuri. Nimekasirika. Halafu nikaona haya. Maji ya birika namwekea mimi, na sikuwahi kufikiria.
Nimempigia simu nesi wa hospitali. Bega linafaa, tumbo linafaa, paja pia. Nibadilishe mahali kila siku. Huko udhu haufiki. Baba kasikiliza yote, kafumba macho kama amelala.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kiraka kimekaa kutwa, siku ya nne. Uji mzito umeshuka, kijiko kwa kijiko. Alasiri kaswali kwenye kiti, mikono kaifikisha masikioni mwenyewe.

Ijumaa, 24 Oktoba
Asubuhi nimeingia na kiraka kipya. Kafungua kifungo cha shati kabla sijasema. Kimoja tu, kwa muda mrefu. Nikasubiri. Kanigeuzia bega.