Pomboo Tisa na Uongo Niliomwambia Mama

Jumatano, Same. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye mashuka. Nimefunga madirisha. Sijisikii kuongea na mtu.

Kwa hiyo naandika.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka Mama baharini. Mama ana miaka sabini na mbili, amezaliwa Chome, juu milimani, na amezeekea Chome, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Dada yangu Namsifu ameolewa Pangani. Kila mwaka alimwita, na kila mwaka Mama alikuwa na sababu: mahindi, ng'ombe, msiba. Safari hii akakubali. Aliwaaga wenzake wa kanisani kama mtu anayekwenda ng'ambo.

Tulifika jioni, akalala kwa uchovu. Asubuhi, hata chai hajanywa, akasema twende. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Tukashuka ufukweni mimi na yeye.

Niliwaona kabla yake. Nikadhani ni mitumbwi iliyopinduliwa.

Walikuwa pomboo, tisa, wamelala mchangani, maji yanawagusa mikia na kurudi. Hawakuwa na jeraha, wala alama ya wavu, wala damu. Ngozi zao zilikuwa bado zinang'aa. Mmoja alikuwa mdogo, hata mita moja hafiki.

Mama hakurudi nyuma. Alipiga magoti kando ya yule mkubwa aliyekuwa karibu na mtoto, akampapasa tumbo polepole, kama anavyompapasa ng'ombe wake akiumwa. Mkono ukasimama mahali. Akaminya kidogo.

Yakatoka maziwa.

"Kumbe hawa si samaki," alisema. "Huyu alikuwa ananyonyesha."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha pili: wanazaa, wananyonyesha, wanapumua hewa kama sisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia.

"Sasa kama wanapumua hewa, na hewa si hii hapa, wamekufa na nini?"

Nikaanza kuwahesabu upya.

Wavuvi wakaja. Mmoja akasema ni baruti, mwingine akasema walimfuata mgonjwa wao wakapotea njia. Baadaye akafika afisa uvuvi, akatusogeza, akawapima urefu, akakata vipande vidogo vya kupeleka maabara, akakataza watu wasile. Mchana walizikwa kwenye shimo moja. Mama alisimama mpaka mwisho, hata alipoletewa kiti hakukaa. Miguu yake haikugusa maji. Kesho yake akaomba arudishwe nyumbani.

Huko Chome watu wanamuuliza bahari ikoje. Anawajibu, "Kubwa." Basi.

Mimi akawa ananipigia kila jioni. Wamesema ni nini? Bado, Mama. Lakini wewe si ndiye mwalimu wa sayansi? Jirani yake akaniambia chakula anakigusa tu na kukiacha, na ameanza kwenda kumwangalia ndama mara tatu, mara nne kwa siku.

Jumapili nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia wameshapima, ni ugonjwa, walilala tu, hawakuumia. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, ile isiyoulizwa maswali. Nikamsikia anashusha pumzi. Akasema, "Bwana asifiwe." Siku hiyo alikula.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona mtoto mwema.

Leo asubuhi Namsifu amempigia kumjulia hali. Hakujua nilichosema. Katika mazungumzo akamwambia kwamba afisa bado anasubiri majibu, na kwamba huenda wasijue kamwe, maana mara nyingi huwa hivyo.

Mama alinipigia wakati wa mapumziko. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

"Ulinidanganya."

Nikaanza kujieleza: nilisikia huli, nikakuonea huruma. Aliniacha nimalize. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Mwanangu, mimi nimezika mume na nimezika watoto wawili, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nimeishi nalo. Kutojua nakuweza. Lakini nilishaanza kuwasahau wale wanyama kwa sababu yako. Nilisahau kwa uongo."

Akakata simu.

Nilikaa nyuma ya jengo la maabara ya shule nikilia, mtu mzima, mpaka kengele ikalia. Kipindi kilichofuata sikufundisha kitu.

Ninachojiuliza tangu hapo ni hiki: nilimhurumia yeye kweli, au nilichoka kuulizwa swali nisilojua jibu lake? Nadhani jibu nalijua. Inaniuma kuliandika.

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa. Nitapanda Chome, nimwombe radhi ana kwa ana. Akitaka kunyamaza, nitakaa naye kimya. Akiuliza tena wamekufa na nini, nitamjibu sijui, Mama.