Yai Nililovunja Mbele ya Mama Mukwe

Jumanne

Bado ninakiona kile kitone chekundu kikipiga kwenye sahani.

Mama mukwe alipokimbia kutoka Masisi alibeba kuku mmoja tu, na ndiye anayeatamia sasa. Leo mchana nilimulika mayai yake kwa tochi ya simu, uani, jua likiwaka. Kazi hiyo hufanywa gizani, ninajua, lakini nilikuwa na haraka. Sikuona mishipa. Nikamwambia hayana vifaranga, tuyapike. Akakataa. Nikavunja moja ili nimwonyeshe.

Ulikuwa moyo, mdogo kuliko mbegu ya nyanya.

"Haya mengine nirudishe, ao utavunja tena?" aliuliza polepole.

Niliyarudisha mwenyewe. Kuku alinidonoa mkono hadi damu ikatoka, nami sikuuondoa.