Yaya Ilunga na Waya Chini ya Kiti

Yaya Ilunga, kaka yangu uliyeniachia maneno mdomoni,

Watu wananikataza nisikuseme vibaya kwa sababu umekufa. Nimenyamaza tangu tukuzike, na sasa nimechoka. Nimekukasirikia, Yaya. Nalia nikiwa nimekasirika, na nikimaliza kulia bado nimekasirika.

Nakumbuka siku mashine ile ilipofika kwenye nyumba ya wageni tulikokuwa tukifanya kazi wote wawili, wewe bustanini, mimi kwenye kufua. Ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi: kigari chekundu chenye kiti na usukani, na visu vya kukata majani chini ya tumbo lake. Tukakiita tondezi. Kabla yake ulikata bustani nzima kwa kupe-kupe, lile panga la majani, umeinama tangu asubuhi, na jioni mkeo Ntumba alikukanda mgongo. Siku hiyo uliizunguka ile mashine, ukiipapasa kama ng'ombe uliyemnunua mwenyewe.

Fundi aliyeileta alikufundisha, nawe ukaja kunifundisha mimi, kwa furaha tu. Tupite kwanza kwa miguu tuokote mawe na vyuma. Mtoto hapakatwi hata akilia. Kwenye mteremko unapanda na kushuka, hukati kwa ubavu, maana itapinduka. Majani yakiwa na maji, unangoja jua. Ukanikalisha juu yake, ukatembea kando yangu, kisha ukaniambia, "Simama." Niliponyanyuka, injini ikazimika. Nikashtuka, ukacheka.

"Iko na akili," ulisema. "Ikiona muntu ameanguka, inajizima yenyewe."

Wewe mwenyewe ulisema hivyo. Hakuna aliyekuficha.

Kisha kile kifaa cha chini ya kiti, kinachohisi kama mtu amekaa, kikaanza kuchoka. Ulikuwa mwembamba, na kila gurudumu liliporuka kwenye kishimo, injini ilizimika ukiwa umekaa. Ulimwambia jeran wetu, yule msimamizi mpya. Akajibu kwamba kifaa kingine kitaagizwa baada ya harusi, kwa sababu wageni wa harusi walikuwa njiani na alitaka bustani iwe safi. Ulirudi kwangu umenuna. Kesho yake nikakukuta umepiga magoti, unafunga waya chini ya kiti ili mashine idhani umekaa hata kama hukukaa.

Nilikuambia uitoe. Ulisema nini? "Minyi njo dereva. Weye ufue tu manguo."

Hayo ndiyo maneno uliyoniachia, Yaya.

Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi uliingia kwenye majani mabichi. Nilikuwa natundika mashuka. Nilisikia injini ikibadilika sauti kule kwenye mteremko unaoshuka mpaka kwenye mfereji, nikakimbia. Ulikuwa umekata kwa ubavu. Magurudumu yaliteleza, ukaanguka, nayo ikakupindukia. Visu vilikuwa bado vinazunguka. Mashine haikujua kwamba umetoka kwenye kiti. Mimi ndiye niliyezima ufunguo. Tulikupakia kwenye pikipiki, nikiwa nyuma nimekukumbatia, na kabla hatujafika hospitali nilihisi umekuwa mzito.

Ungejua yaliyotokea matangani ungeona haya. Baba mdogo alikuja na ndugu kutoka Luena. Hakuuliza umekufaje. Alikaa mbele ya watu wote, akamwonyesha Ntumba kidole.

"Huyu mwanamuke wa Kasai njo amekula mutoto yetu kwa bulozi," alisema. "Kesho atoke mu nyumba. Batoto babaki."

Ntumba alikuwa amekaa chini, amemlaza mdogo wenu mapajani, na shangazi zetu walikuwa tayari wanatoa cherehani yake nje. Mwanamke aliyekukanda mgongo miaka yote hiyo, Yaya. Kwa ajili ya waya wako.

Nilisimama. Nilimwambia baba mdogo, "Kuja nikuonyeshe mulozi."

Wote wakanifuata mpaka kwenye nyumba ya wageni. Mlinzi alitufungulia. Tondezi ilikuwa imewekwa mahali tambarare, bati limepinda, waya wako bado upo. Niliufungua. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, visu nikaviacha vimezimwa, nikamkalisha baba mdogo, nikawasha.

"Simama, baba."

Akasimama. Injini ikazimika. Nikaufunga waya tena mbele ya macho yao, nikamkalisha, nikawasha. "Simama tena." Akasimama, akashuka, akarudi nyuma kidogo. Mashine ikaendelea kunguruma, kiti kitupu.

"Ntumba iko wapi hapa?" nilimwuliza. "Nani amefunga hii waya?"

Baba mdogo aliangalia kiti, akasema kwa sauti ndogo, "Zima, mwanangu." Tuliporudi, yeye mwenyewe aliinua cherehani akairudisha ndani. Hakuomba msamaha, lakini Ntumba hakufukuzwa, na watoto wako wanalala na mama yao.

Jeran alileta kifaa kipya wiki hiyohiyo uliyozikwa. Kinatosha kwenye kiganja. Nilikishika nikataka kumtupia usoni. Alinipa mimi kazi ya kuendesha, nami nikamwambia pale pale: mvua ikinyesha siendeshi, na kule karibu na mfereji tutakata kwa kupe-kupe. Alikunja uso. Nikamwambia atafute mwingine. Hakutafuta.

Kwa hiyo nakalia kiti chako, Yaya, na kila ninapokaa nakugombeza. Ungeweza kukataa vilevile. Angekunja uso, basi. Ungerudi nyumbani ukale bukari na mboga, ukalalamike kwa mkeo mpaka alale. Ningekupa mishahara yangu yote nikusikie unalalamika.

Juzi binti yako mkubwa alinikuta napanguza usukani. Akauliza, "Shangazi, baba hakujua kuiendesha?"

Nilitaka kumdanganya. Nilishindwa.

"Alijua," nilimwambia. "Alijua kuliko sisi wote."

Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akaanza kupanguza kiti.

Lala, Yaya. Mimi siwezi kukuaga vizuri bado.

Mdogo wako,
Mwadi